Mchanga Una Mlinzi, Uso Hauna

Katika kuta za miji ya mwambao yameandikwa maandishi mafupi ambayo hayajapata kuingizwa katika diwani yoyote, ingawa wasomaji wake ni wengi kuliko wa diwani zote zikichanganywa. "Mbwa mkali." "Hakuna njia." "Nyumba hii haiuzwi." Hilo la tatu lina huruma yake, kwani aghalabu huandikwa na familia inayochelea kwamba ndugu mmoja ataiuza nyumba ya urithi kwa siri, au kwamba tapeli atamwonesha mnunuzi mlango usiokuwa wake. Mawili ya mwanzo ni ya namna nyingine. Hayazungumzi na tapeli. Yanazungumza na mpita njia, na yanamhukumu kabla hajatia mguu.

Anayeshitakiwa na maandishi hayo ni nani? Katika pwani ya leo jawabu ni jepesi. Ni mvuvi anayebeba nyavu kwenda ufuoni kwa njia aliyoipita babu yake. Ni mwanamke wa mwani wa Paje au Jambiani, ambaye tangu kilimo hicho kilipoanza huko mwaka 1989 hushuka maji yakipwa na kupanda maji yakijaa, kichwani ana mzigo unaotiririka chumvi. Ni mtoto anayekwenda kuogelea. Hawa ndio wanaoambiwa, kwa kinywa cha mlinzi au kwa ukuta wenyewe, kwamba wamekiuka mipaka. Na asiyeshitakiwa ni nani? Ni yule mwenye kamera anayesimama mkabala na mlango wa watu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akampiga picha bibi aliyeketi ndani anachambua mchele, kisha akaondoka bila ya salamu. Huyo huitwa mgeni. Sheria imemwona anayekanyaga mchanga, haikumwona anayekanyaga uso wa mtu.

Kupinduka huku hakukuja kwa bahati mbaya. Ni kazi ya sheria, na ya watu wanaoitumia sheria kama kisu chenye makali upande mmoja. Wako wanaosema kwamba mali binafsi ndiyo ngao ya faragha: mwenye ukuta ana siri, asiye na ukuta hana, basi anayetaka watu waheshimiwe na ahimize hati na kuta. Hoja hiyo husemwa kwa sauti ya upole wanapokaribishwa wawekezaji, na kwa sauti kali wanapofukuzwa wanavijiji. Ina sehemu yake ya kweli, na sehemu hiyo itatajwa. Lakini kwa ujumla wake ni hoja batili, na jawabu lake limo katika lugha ya Waswahili kabla ya kumo katika kitabu chochote cha sheria.

Neno la Kiingereza "trespass" ni mtihani kwa mfasiri yeyote. Wanasheria hulipa maneno mawili matatu: kuingia bila ya idhini, kukiuka mipaka, kuingia kwa jinai. Yote ni sahihi na yote ni makavu. Katika Kiingereza cha zamani neno hilo lilikuwa pia na maana ya kosa na dhambi, na ndivyo lilivyobaki katika sala wanayoisali Wakristo wa lugha hiyo wanapoomba wasamehewe. Wafasiri wa sala hiyo kwa Kiswahili walitia "makosa", wengine wakatia "deni". Hakuna aliyefikiria kutia shamba la mtu. Wasilaumiwe. Kiswahili hakikukosa neno kwa sababu ya umaskini. Kilikuwa nalo neno lake la mipaka, ila lilikaa mahali pengine kabisa, na neno hilo ni hodi.

Mtu hapigi hodi kwa shamba, wala kwa ufuo, wala kwa njia. Hodi hupigwa kwa watu. Apigaye hodi husimama ubavuni mwa mlango, si mkabala nao, ili jicho lisitangulie mguu. Huita mara tatu; asipojibiwa hurudi alikotoka, wala hana ruhusa ya kukasirika. Adabu hiyo ina asili yake katika Surat an-Nur, inayowakataza waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimu wenyewe, na katika hadithi ya Mtume juu ya kuomba ruhusa mara tatu. Kwa muda mrefu imekuwa ni ya kila mtu wa pwani, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Na mwenye kibanda cha makuti kisichokuwa na mlango ila pazia la kanga hupigiwa hodi sawasawa na mwenye mlango wa nakshi. Hapo ndipo ulipo uzito wake. Hodi haiulizi hati.

Husimuliwa darsani kwamba Umar bin al-Khattab, akizunguka usiku katika mji wa Madina, alisikia sauti za ulevi katika nyumba moja, akapanda ukuta na kumkuta mwenye nyumba katika maasia. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kwamba yeye amefanya kosa moja, na khalifa amefanya matatu: amepeleleza, ameingia pasipokuwa mlangoni, na ameingia bila ya kuomba ruhusa wala kutoa salamu. Khalifa akamwacha. Msomaji azingatie ni nani aliyekiuka mipaka katika kisa hiki. Si maskini aliyekanyaga milki ya tajiri. Ni mtawala aliyeingia katika sitara ya raia, tena raia mwenye makosa. Ukuta haukumzuia, kilichomshinda ni hoja ya adabu.

Waliojenga miji ya mawe waliijua hoja hiyo kwa chokaa na boriti. Katika nyumba ya Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, mtu hakufika ndani kwa hatua moja. Alianza katika daka, mbele ya mlango, akapita katika tekani, akatokea kiwandani penye mwanga, kisha misana, na mwisho ndani hasa, ambako hakufika ila mwenye haki ya kufika. Mgeni alikuwa na chumba chake, sabule, karibu na mlango, alale kwa raha bila ya kupita katikati ya maisha ya wenyeji. Na baina ya nyumba mbili za jamaa uliwekwa wikio juu ya mtaa, wanawake wakapita kutoka nyumba hii kwenda ile pasi na kushuka njiani. Jengo zima lilipangwa kwa swali moja: nani afike wapi.

Nje ya mlango kulikuwa na baraza, na baraza ndiyo inayowatatiza watu wa hati. Kwa sheria ya karatasi, baraza ni sehemu ya jengo, na anayeketi juu yake bila ya idhini amekiuka mipaka. Kwa sheria ya mtaa, ni ya mzee aliyechoka, ya wacheza bao, ya muuza kahawa na deli lake, ya mpita njia aliyekimbia mvua. Mwenye nyumba aliyemfukuza mtu barazani alijivunjia heshima yeye mwenyewe. Yaani mtu yule yule aliyekuwa mkali wa ndani alikuwa mkarimu wa nje, na hakuona mgongano wowote, kwa kuwa hapakuwa na mgongano.

Mashambani hali ilikuwa hiyo hiyo kwa sura nyingine. Katika visiwa vya Unguja na Pemba mti na ardhi vilikuwa ni vitu viwili mbalimbali katika milki: mtu aliweza kumiliki mnazi au mkarafuu uliosimama katika ardhi ya mwingine, na kwa hiyo aliweza kuufikia. Milki ya namna hiyo haiwezekani bila ya haki ya kupita. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenye ardhi kwamba mwenye mti si mvamizi.

Isidhaniwe kwamba hapa inasifiwa bustani ya peponi. Nyumba zile zile zilizohifadhi ndani ya muungwana zilitumikiwa na watumwa, na kibanda cha mtumwa hakikupigiwa hodi na bwana wake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria visiwani mwaka 1897. Mpaka hapo sitara ilikuwa ni fungu la baadhi ya watu tu, na kwa wengine ilikuwa ni kazi ya kuwalindia wenzao. Washairi wanaoulilia ukale huku wakiuruka ukweli huu wanaandika kadi za posta, si mashairi. Kinachodaiwa hapa si kurudi huko. Kinachodaiwa ni kwamba ile kanuni iliyokuwa ya wachache ilikuwa ni kanuni njema, na ilistahiki kutandazwa kwa wote. Badala yake ilikunjwa ikawekwa kando.

Na haikukunjwa na wageni peke yao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na katika misukosuko ya siku zile milango ya watu iliingiwa bila ya hodi. Ardhi ikagawiwa eka tatu tatu kwa maelfu ya familia. Kwa wengi waliokuwa wakilima bila ya chao, hilo lilikuwa ni tendo la haki. Lakini ni mambo mawili, si moja. Mtu anaweza kuukubali ugawaji wa mashamba kwa moyo wake wote na bado akasema kwamba kumwingilia mtu chumbani mwake ni kosa lisilofutwa na wema wowote uliofuata. Wanaoyafunga mambo hayo mawili katika kifurushi kimoja, wawe wanayatetea yote au wanayalaani yote, wanafanya kosa lile lile la watu wa hati: wanadhani shamba na chumba ni kitu kimoja kwa sababu vyote huandikwa katika daftari moja.

Sheria ya Kiingereza nayo itendewe haki, kwani iliwahi kuijua tofauti hii. Novemba 1762, wajumbe wanne wa mfalme, kwa amri ya waziri Lord Halifax, waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwandishi John Entick, aliyetuhumiwa kuandika maneno ya kuikashifu serikali. Kwa muda wa saa nne walivunja makufuli, wakapekua visanduku, wakachukua karatasi zake. Entick aliwashitaki kwa kukiuka mipaka, na mwaka 1765 jaji, Lord Camden, alihukumu kwamba amri ile haikuwa na msingi wowote katika sheria, na kwamba karatasi za mtu ni katika mali azipendazo mno. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limempa fidia ya pauni 300. Siku zile hapakuwa na sheria yenye jina la faragha, basi iliazimwa sheria ya mipaka ifanye kazi hiyo, na iliifanya vizuri. Kila mwandishi, popote alipo, ana deni kwa kesi ile, kwa kuwa kilicholindwa hakikuwa nyumba. Ilikuwa ni meza ya mtu anayeandika.

Lakini meli iliyoileta sheria hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki ilikiacha nyuma chumba cha Entick, ikapakia shamba. Mwaka 1908, katika ukanda wa maili kumi ambao Waingereza walikuwa wameukodi kwa Sultani wa Unguja tangu 1895, ilitungwa sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai alipeleke kwa mrajisi katika muda uliowekwa. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ni ya Serikali ya Mfalme. Waliokuwa na karatasi, mawakili na habari walidai. Wamijikenda wengi, na wengineo ambao milki yao ilikuwa ni makaburi, minazi na kumbukumbu, hawakudai, kwa sababu haikuwajia kwamba mtu hudai kitu anachokikalia. Wajukuu wao leo huitwa maskwota katika makaburi ya babu zao. Hiyo ndiyo asili ya neno "mvamizi" katika sehemu kubwa ya pwani ya Kenya: si kwamba watu waliingia katika ardhi ya mtu, bali karatasi iliingia katika ardhi ya watu, bila ya hodi.

Zanzibar kichekesho ni kikubwa zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ardhi yote ya asili ya visiwa hivi ni ardhi ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais. Mwenye hoteli ni mpangaji. Ana haki ya matumizi kwa miaka iliyoandikwa katika mkataba wake, na hana zaidi. Hata hivyo mlinzi wake humwambia mvuvi kwamba hapa ni mali ya mtu. Neno "mtu" katika sentensi hiyo linastahiki kutazamwa. Mvuvi anayeambiwa hivyo naye ni sehemu ya umma ambao ardhi ni yao, lakini katika kinywa cha mlinzi, ambaye huenda ni mtoto wa kijiji hicho hicho, "mtu" ni yule aliyeko nyuma ya ukuta.

Upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 62, imeitaja ardhi yote iliyo baina ya maji makuu na maji madogo kuwa ni ya umma. Ni maneno mazuri. Lakini mchanga wa umma uliozungukwa na viwanja binafsi ni kama kisima kilichojengewa ukuta: maji ni ya wote, kata ni ya mmoja. Mwenye mashua anaweza kuufikia kwa baharini. Aliyeko nchi kavu, ambaye ndiye mwenye kiu, atafute pa kupitia baina ya kuta mbili ambazo kila moja imesogea kidogo kila mwaka.

Sasa ile sehemu ya kweli. Watetezi wa kuta husema kwamba mgeni naye ni mwanadamu, ana faragha yake; kwamba wako vijana wanaowasumbua watalii ufuoni; kwamba wezi wapo; na kwamba wanakijiji wenyewe hukirihika kuona miili isiyositirika, basi ukuta unawafaa wote wawili. Yote hayo ni kweli. Mgeni katika chumba chake na mbele ya chumba chake anastahiki hodi kama bibi wa Mji Mkongwe anavyoistahiki, na kijana anayemfuata mtu hatua kwa hatua amevunja adabu ileile inayotetewa hapa. Lakini kutoka hapo mpaka kufunga nusu maili ya pwani ni mruko ambao hakuna hoja inayouvusha. Wezi hukamatwa kwa askari. Faragha ya chumba hulindwa kwa kukilinda chumba. Anayeifunga pwani nzima halindi faragha yake; anauza upweke, na bidhaa hiyo ina bei nzuri.

Inawezekana kuyatenga mambo hayo mawili katika sheria, na nchi iliyofanya hivyo ni ya ufalme ule ule uliolileta neno lenyewe. Uskochi, ambako mashamba makubwa yamekuwa mikononi mwa wachache kwa karne nyingi, ilipitisha mwaka 2003 sheria ya mageuzi ya ardhi inayompa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi, iwe ya nani, madhali anapita kwa uangalifu. Na sheria hiyo hiyo imeitoa nyumba, pamoja na kiasi cha ardhi kinachoizunguka kinachotosha kumpa mkaaji faragha ya wastani. Kiasi hicho kinaweza kugombaniwa mahakamani, na kimegombaniwa. Lakini swali ambalo hakimu hulazimika kulijibu ni lile lile lililojibiwa na wajenzi wa Lamu: mtu anahitaji nafasi gani ili aishi bila ya kutazamwa? Haulizwi amenunua eka ngapi. Waskochi, ambao hawajui neno hodi, wameiandika hodi katika sheria. Wenye neno lao wameandika "mbwa mkali".

Linabaki jicho. Hapa sheria haiwezi kusingizia ujinga, kwani ilijua zamani. Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitumia Unguja na Mombasa kabla ya kutunga kanuni za huku, ilikuwa na kifungu, cha 509, kilichomwadhibu mtu anayeingilia faragha ya mwanamke kwa nia ya kumvunjia heshima. Kwa maneno mengine, watunzi wake walikubali kwamba mtu anaweza kuingia bila ya kuingia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inamhifadhi kila mtu pamoja na nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Na pale sheria ilipotumika, iliuma: mwaka 2023 kamishna wa taarifa binafsi wa Kenya aliitoza faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 shule iliyochapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe ya Nairobi zaidi ya shilingi milioni 1 kwa picha ya mteja.

Basi mteja wa klabu ya Nairobi anao uso unaolindwa. Mwanamke wa mwani je? Yeye ndiye uso unaopigwa picha sana katika pwani hii, ameinama, kanga imerowa, maji ya magoti, nyuma yake mbingu. Yumo katika kadi, katika vijitabu vya hoteli, katika kalenda zinazoning'inia katika ofisi za watu wasiolijua jina lake. Hakuulizwa, hakulipwa, na yumkini hajaiona. Na kuna uwezekano kwamba kijitabu chenye picha yake kimewekwa mezani katika hoteli ambayo ukuta wake humlazimisha kuzunguka njia ndefu na mzigo kichwani. Mahali hapo pawili, ukuta na picha, ndipo shitaka hili linapokutana: mguu wake umefungiwa njia ili uso wake uuzwe.

Siku hizi mambo yamezidi. Kamera zinaruka. Kile kiwanda cha katikati ya nyumba, ambacho wazee walikificha na mtaa kwa kuta za mawe na milango miwili, kimeachwa wazi kwa juu, kwa sababu juu walipita kunguru tu. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo au akijisuka nywele pale kwa usalama wa karne kadhaa, sasa hutazamwa na kitu kinachovuma kama nyuki, na hajui kipo mkononi mwa nani. Wenye hoteli, ikumbukwe, hawaruhusu kirushwe juu ya bwawa lao la kuogelea bila ya idhini.

Washairi wana lawama yao katika hili, na jarida la mashairi ndipo mahali pa kuisema. Mlango wa Unguja umesifiwa katika tungo nyingi za miaka hii: nakshi zake, njumu zake, mkongojo wa kati, mti wake. Umesifiwa kama kitu. Mara chache umesifiwa kwa kazi yake, ambayo ni kufungwa. Mshairi anayesimama mkabala na mlango na kuhesabu maua ya nakshi hadi beti zikatimia, bila ya kusikia kwamba ndani kuna watu wamenyamaza wakimsubiri aondoke, hana tofauti kubwa na yule mwenye kamera. Tofauti ni kwamba yeye huchukua muda mrefu zaidi. Tungo hizo ndizo zinazonukuliwa katika vijitabu vya utalii, na vijitabu ndivyo vinavyomleta mtu na kamera yake mpaka kizingitini. Mlango uliogeuzwa pambo hauna tena wa kuuheshimu, na mwenye nyumba, akichoka kutazamwa, huuza kwa mwenye kufungua duka la vinyago na kuhamia Ng'ambo.

Yanayodaiwa si makubwa. Picha ya mtu inayouza kitu iwe na idhini ya mtu huyo na malipo yake, awe ni mcheza filamu au mkulima wa mwani, na wakaguzi wa taarifa binafsi wafike Jambiani kama walivyofika katika shule za mjini. Anayerusha kamera juu ya mitaa ya watu aombe ruhusa kwa watu wa mtaa, si kwa ofisi ya utalii peke yake. Na njia ziandikwe. Mkataba wa ardhi ya pwani usitiwe saini mpaka masheha, wavuvi na wanawake wa mwani waitwe, watembee mbele na mpimaji awafuate nyuma, waoneshe ni wapi hushukia na ni wapi hupandia, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, maana njia za nyakati hizo si zile zile. Na alama za njia hizo zichimbiwe ardhini kabla ya jiwe la kwanza la ukuta.